MAISHA YA DAKTARI ROBERT KOCH (1843–1910)
Mgunduzi wa vijidudu vya kifua kikuu, na sindano alizochoma katika visiwa vya Sese



Hakuna mwanafunzi aliyepita katika maabara ya bayolojia ya shule yetu ambaye hakulisikia jina la Robert Koch. Tulilikuta kitabuni, tukakariri kwamba ndiye aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, tukaliandika katika mtihani, tukapata maksi zetu na kuendelea na mada nyingine. Wengi wetu tuliondoka shuleni bila kuambiwa kwamba bwana huyo alifika katika nchi yetu zaidi ya mara moja, akapima damu za watu na za ng'ombe wa huku, akalala katika kambi za wapagazi wetu, na kwamba kazi yake kubwa ya mwisho aliifanya katika Ziwa Viktoria, mahali ambapo baadhi ya watu waliomwendea kutafuta uzima walirudi makwao wakiwa vipofu.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake yote, yaliyo mema na yaliyo mabaya. Kila mwaka shule yetu hutoa vijana wanaokwenda kusomea udaktari, uuguzi, ufamasia na kazi za maabara. Ni vizuri wakaondoka hapa wakijua kwamba dawa ni kitu chenye pande mbili, na kwamba hata mtu mwenye akili kupita wenzake aliwahi kuusahau upande wa pili.

Sisi wa Ufipa tuna sababu zetu wenyewe za kumfahamu mtu huyu. Wazee wetu walioishi juu huku penye baridi na upepo walijua kwamba anayeshuka Bonde la Rukwa, au anayeteremka mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda Kasanga, Kirando au Karema, anakwenda kukutana na mbu, papasi na ndorobo. Homa ya malaria, homa ya papasi na malale ni magonjwa ya njia hizo. Yote matatu Koch aliyashughulikia, tena katika Afrika yetu ya Mashariki.

UTOTO NA MWANZO WA KAZI

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto, kwani walizaliwa kumi na watatu. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen akahitimu mwaka 1866. Alitamani sana kusafiri nchi za mbali, lakini alioa mwaka uliofuata, akalazimika kutafuta riziki kama daktari wa kawaida.

Mwaka 1872 alipewa kazi ya udaktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko nchini Poland. Huko hakukuwa na chuo, maktaba kubwa wala mwalimu wa kumwelekeza. Inasimuliwa kwamba mkewe, Emmy, alimpa hadubini kama zawadi. Akakata chumba chake cha kuonea wagonjwa kwa pazia, upande mmoja wagonjwa, upande mwingine panya na vioo vyake. Wafugaji wa wilaya ile walikuwa wakipoteza ng'ombe na kondoo kwa kimeta. Koch akachukua damu ya wanyama waliokufa, akaikuza nje ya mwili, akamwambukiza panya mmoja baada ya mwingine, mpaka akaonyesha pasipo shaka kwamba kijidudu kile kile, na si kingine, ndicho kinachosababisha kimeta. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1876. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili, na hakuwa na cheo chochote cha chuo kikuu.

Vijana mliopo shuleni, liangalieni jambo hilo vizuri. Mtu huyu hakuwa na maabara iliyo bora kuliko yenu. Alichokuwa nacho ni uvumilivu, usafi wa kazi, na tabia ya kutokuamini jambo mpaka alione likijirudia.

KIFUA KIKUU

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya serikali. Huko yeye na wasaidizi wake walitengeneza njia za kukuza bakteria juu ya chakula kigumu, ili kila aina iote peke yake bila kuchanganyika na nyingine. Njia hizo ndizo zinazotumika mpaka leo katika kila hospitali yenye maabara.

Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin na kuwaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Zama zile ilikadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila saba alikufa kwa ugonjwa huo. Watu walidhani ni wa kurithi, au unaletwa na hewa mbaya na huzuni. Koch aliweka vioo vyake mezani kila mtu aangalie mwenyewe. Inasemekana kwamba alipomaliza hakuna aliyesimama kumpinga. Ndiyo sababu tarehe hiyo ya Machi imefanywa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Miaka miwili baadaye, baada ya safari za Misri na Calcutta, alithibitisha kijidudu cha kipindupindu. Jina lake likawa kubwa mno, na serikali ya Ujerumani ikamfanya fahari ya taifa. Hapo ndipo mtihani wake wa kwanza ulipoanza.

DAWA ILIYOTANGAZWA MAPEMA

Mwezi wa Agosti 1890 ulifanyika mkutano mkuu wa madaktari wa dunia mjini Berlin. Wakubwa walitaka Koch atangaze jambo la kuipa nchi sifa. Akatangaza kwamba amepata kitu kinachozuia vijidudu vya kifua kikuu kukua katika miili ya wanyama wa majaribio. Novemba mwaka huo huo akaeleza matumizi yake kwa binadamu. Hakusema kimetengenezwa kwa nini. Kilikuja kuitwa tuberkulini.

Alikuwa amejichoma mwenyewe kwanza, akapatwa na homa kali, baridi na kichefuchefu. Hilo lilipaswa kumwonya. Lakini habari zilikwisha kusambaa. Wagonjwa wa mapafu kutoka nchi nyingi walipanda treni kwenda Berlin, wengine wakiwa mahututi, wakajaza hospitali na nyumba za wageni. Madaktari nao walikwenda kujionea. Mmoja wao alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, ambaye alikuwa daktari kwa kazi yake. Alirudi Uingereza akiwatahadharisha watu kwamba dawa hiyo bado haijathibitika.

Baada ya miezi michache ukweli ulianza kujitokeza. Wagonjwa waliochomwa walipata homa kubwa, na wengine wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 1891 Profesa Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti, alionyesha kwamba kwa baadhi ya waliokufa dawa ilikuwa imeuamsha ugonjwa na kuueneza mahali pasipokuwa nao. Serikali ilipokusanya taarifa za hospitali, katika wagonjwa zaidi ya 1,700 waliotibiwa, waliohesabiwa kuwa wamepona walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Koch akalazimika kutaja siri yake. Tuberkulini ilikuwa maji ya gliserini yaliyotolewa katika vijidudu vya kifua kikuu vilivyokuzwa maabara.

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ile iliyoshindwa haikupotea bure. Uvimbe na wekundu uliotokea pale palipochomwa sindano ulikuwa ishara kwamba mtu ameshakutana na ugonjwa. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna, na mwaka 1908 Charles Mantoux wa Ufaransa, walitumia ishara hiyo kuwa kipimo. Wengi wetu tumepimwa mkononi kwa njia hiyo hiyo. Kilichoumiza watu kama dawa kilikuja kuwafaa kama kipimo, baada ya wengine kukaa chini na kukichunguza bila haraka.

KUJA AFRIKA

Tangu mwaka 1896 Koch alianza zile safari alizozitamani ujanani. Alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ambao miaka michache kabla ulikuwa umefagia mifugo ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, makao makuu ya serikali ya kikoloni ya Wajerumani. Katika safari hiyo alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ni tauni.

Akiwa pwani alichunguza pia homa iliyowatisha sana Wazungu, ile inayofanya mkojo kuwa mweusi. Aligundua kwamba wengi waliopatwa nayo walikuwa wametoka kumeza kwinini, akatoa uamuzi kwamba kwinini yenyewe ndiyo inayowadhuru. Madaktari wengi walimpinga, maana kwinini ilikuwa ndiyo ngao yao dhidi ya malaria. Leo tunajua kwamba hakupatia yote wala hakukosea yote. Ugonjwa ule uliwapata hasa watu waliougua malaria mara kwa mara huku wakimeza kwinini leo na kuacha kesho, na dawa ilikuwa na sehemu yake katika kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ulipungua sana baada ya dawa nyingine kuchukua nafasi ya kwinini, katikati ya karne ya ishirini. Kwa hiyo Koch alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuliza, hapa hapa katika ardhi yetu, kama tiba haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa. Laiti angeendelea kuuliza hivyo miaka tisa baadaye.

Mwaka 1905 alirudi tena. Safari hii alisafiri na misafara ya bara, akachunguza homa iliyokuwa inawaangusha wapagazi. Aligundua kwamba inaletwa na papasi, wale kupe laini wanaojificha katika mavumbi na nyufa za vibanda, kandokando ya njia ambamo wasafiri walilala. Alionyesha pia kwamba kupe jike hupitisha vijidudu hivyo katika mayai yake hata kwa watoto wake. Wakati huo huo huko Kongo watafiti wawili, Dutton na Todd, walikuwa wamefikia jawabu hilo hilo. Dutton aliambukizwa homa hiyo akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905. Wazee wetu waliobeba mizigo kati ya Kasanga na pwani walizijua kambi za namna hiyo, na waliwaogopa papasi pasipo kusubiri hadubini.

Mwezi Desemba 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alikuwa anatimiza miaka sitini na miwili. Angeweza kupumzika.

MALALE KATIKA ZIWA VIKTORIA

Wakati huo malale yalikuwa yanaangamiza watu wa Uganda. Tangu mwanzo wa karne, zaidi ya watu laki mbili walikuwa wamekufa katika mwambao na visiwa vya Ziwa Viktoria. Mgonjwa alianza kwa homa na tezi za shingo kuvimba. Baadaye akili ilipotea, akasinzia mchana akiwa na chakula mdomoni, akakonda, akafa. Wanasayansi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kimelea chake kinabebwa na ndorobo. Dawa haikuwapo.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimpa Koch uongozi wa msafara wa kutafuta tiba. Pamoja naye alikuwa Friedrich Karl Kleine na madaktari wengine. Walipitia Amani, huko Usambara, wakafika Mwanza. Upande wa Wajerumani wagonjwa walikuwa wachache, hivyo Agosti 1906, kwa ruhusa ya Waingereza, wakahamia visiwa vya Sese vilivyoko Uganda, wakapiga kambi katika kisiwa cha Bugala.

Dawa waliyochukua iliitwa atoksili. Ilitokana na aseniki, ambayo ni sumu inayojulikana tangu zamani, lakini watengenezaji waliipa jina lenye maana ya kitu kisicho na sumu. Mwaka 1905 huko Liverpool, Thomas na Breinl walikuwa wameonyesha kwamba inaweza kuua vimelea vya malale katika wanyama.

Habari za sindano za daktari mkubwa zilienea visiwani. Wagonjwa waliletwa kwa mitumbwi na kwa machela, wakajengewa vibanda kuzunguka kambi. Kila asubuhi walipanga foleni. Hesabu yao ilipita elfu moja. Koch alianza kwa nusu gramu, siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya siku kumi hivi. Alipotoboa tezi za shingo na kutazama katika hadubini, hakuona tena vimelea. Watu waliobebwa wakaanza kutembea. Tusidharau jambo hilo, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa anangoja kaburi aliona mwanga. Koch akaandika Berlin kwa furaha kubwa, na magazeti ya Ulaya yakamsifu.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Wiki zilipopita, vimelea vilirudi kwa baadhi ya wagonjwa. Koch akafikiri kwamba dozi ni ndogo, akaiongeza kwa baadhi yao hadi gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika. Walipata kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu makali ya tumbo. Wengine waliacha kuja, na wengine wakatoroka kambini usiku. Halafu likaja jambo zito zaidi, macho yakaanza kufifia. Aseniki hushambulia mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, duara la mwanga linazidi kuwa dogo, mwishowe giza. Hata sindano zikisimamishwa, mara nyingi jicho halirudi.

Watu ishirini na wawili walipofuka kabisa. Koch mwenyewe aliwataja katika taarifa yake. Hakuwaficha, na hilo tumhesabie. Aliacha dozi kubwa akarudia ile ndogo. Lakini majina yao hayakuandikwa mahali ambapo sisi tungeweza kuyasoma. Jina la daktari lilichongwa juu ya majengo, wao wakabaki kuwa tarakimu mbili katika taarifa.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Tusimhukumu mtu wa mwaka 1906 kana kwamba alisoma vitabu vya leo. Ugonjwa ulikuwa wa kifo, na daktari asiyejaribu kitu mbele ya kifo hastahili sifa. Hata hivyo, tukipima kwa vipimo vya siku zake mwenyewe, yapo mambo ambayo angeweza kuyafanya na hakuyafanya.

Kwanza, alikuwa amekwisha kuungua kwa tuberkulini. Alijua vizuri jinsi furaha ya wiki za kwanza inavyoweza kudanganya. Kwa ugonjwa unaochukua miezi na miaka, aliwafuatilia wagonjwa wake kwa muda mfupi.

Pili, hakuwa na kundi la kulinganisha. Asiyelinganisha hawezi kujua ni nani amepona kwa dawa, ni nani amepata nafuu ya muda tu, na ni nani ameumizwa.

Tatu ni ridhaa. Mwezi Desemba 1900 waziri wa Prussia aliyesimamia hospitali alikuwa amewaagiza wakuu wa kliniki wasimfanyie mtu yeyote jambo lisilokusudiwa kumtibu, isipokuwa ameelezwa madhara yake na akakubali. Agizo hilo halikugusa matibabu moja kwa moja, lakini linaonyesha kwamba wazo la kumwomba mgonjwa kibali lilikuwa linajulikana vizuri katika mji aliotoka Koch. Kule Sese, kuongeza dozi mara mbili juu ya watu waliokuwa chini ya utawala wa wageni kulikuwa jambo la daktari kuamua na kutenda. Mgonjwa aliyetoroka usiku ndiye peke yake aliyepata nafasi ya kusema hapana.

Koch aliondoka Sese mwishoni mwa mwaka 1907. Nyumbani alipewa cheo cha heshima. Alipendekeza wagonjwa wa malale wakusanywe katika kambi, watengwe na kuchomwa atoksili. Serikali ya kikoloni ilijenga kambi hizo katika eneo la Bukoba na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ziwa letu hili. Watu wengi walizikimbia. Msaidizi wake Kleine alibaki huku akifanya kazi, na mwaka 1909 alionyesha jinsi kimelea kinavyokua ndani ya ndorobo kabla ya kumwambukiza mtu. Koch mwenyewe alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka sitini na sita.

DAKTARI ALIYEKAA

Hapa nawaomba wasomaji tumkumbuke daktari mwingine, ambaye sisi wa Ufipa hatuhitaji kutambulishwa kwake. Adrian Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya kanisa iliyopo Sumbawanga imepewa jina lake.

Atiman hakugundua kijidudu chochote wala hakupewa tuzo ya Nobel. Lakini alikaa Karema zaidi ya miaka sitini. Mtu aliyemtibu leo alikutana naye kanisani Jumapili, akakutana na watoto wake mwaka uliofuata, na wajukuu wake baadaye. Daktari anayeishi hivyo hawezi kuacha kuyaona matokeo ya kazi yake, yawe mema au mabaya. Koch aliishi na wagonjwa wake wa Sese mwaka mmoja na kidogo. Elimu ya yule na ukaaji wa huyu vingekutana katika mtu mmoja, tungepata daktari kamili.

YALIYOFUATA

Atoksili ilifungua njia. Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Koch, aliichunguza kemia yake, na kutokana na uchunguzi huo ikapatikana dawa ya kaswende mwaka 1910. Lakini aseniki iliendelea kudai malipo yake. Dawa nyingine ya malale ya jamii hiyo, triparsamidi, nayo ilidhuru macho. Huko Bafia, Kamerun, karibu mwaka 1930, dozi iliongezwa kupita kiasi, na watu mia kadhaa wakapofuka. Lilikuwa kosa lile lile la Sese, lililorudiwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Mwaka 1949 ilikuja melasoprolo, iliyoweza kuponya mtu ambaye ubongo umekwisha kuingiliwa, lakini iliua kama mmoja katika kila ishirini waliochomwa. Ilitumika miaka mingi kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kwa malale makali ya upande wetu wa Afrika, vidonge vya feksinidazoli vilijaribiwa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Safari kutoka sindano ya Bugala hadi kidonge hicho ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Katika kifua kikuu mambo yalikwenda vizuri zaidi, kwa sababu watu walijifunza kuhesabu. Streptomaisini ilipopatikana, Waingereza waliigawa kwa bahati nasibu, baadhi ya wagonjwa wakapewa na wengine wakatibiwa kwa njia ya zamani, kisha wakalinganisha. Matokeo yalitoka mwaka 1948. Yalionyesha faida ya dawa, na yalionyesha pia kwamba inadhuru sikio la ndani, mtu akapata kizunguzungu na wengine kupoteza usikivu. Kuanzia miaka ya 1960 hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilishiriki katika majaribio makubwa ya aina hiyo, na kutokana nayo tiba ya miezi sita ikajulikana duniani kote. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, wa nchi yetu yenyewe. Baadaye ulipoingia ukimwi, ilionekana kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika sana, inawababua ngozi wagonjwa wenye virusi hata wengine kufa. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulithibitisha jambo hilo, na wagonjwa hao wakaacha kupewa. Hawakungoja miaka ishirini.

KWENU VIJANA

Leo katika nchi yetu utafiti juu ya binadamu hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, inahusika na kazi hiyo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka zahanati na hospitali. Nesi wa zahanati ya Bonde la Rukwa anaweza kujaza fomu akieleza kwamba mgonjwa wake amevimba midomo baada ya kumeza dawa fulani, na fomu hiyo ikawa mwanzo wa kuokoa watu wa mikoa mingine.

Lakini fomu haijijazi yenyewe. Ipo kazi ya kuandika, ipo haya ya kukiri kwamba dawa niliyoitoa mimi imemdhuru mtu, na ipo tamaa ya kusifiwa. Kila fani ya tiba ina mtihani huu. Daktari wa upasuaji hana budi kuhesabu vidonda vilivyooza baada ya kisu chake, mkunga ahesabu akina mama waliotokwa na damu mikononi mwake, mtoa dawa ya usingizi amhesabu yule aliyechelewa kuamka. Anayehesabu waliopona peke yao bado hajaijua kazi yake.

Kwa hiyo, wanafunzi wetu, mkifika kwenye jina la Robert Koch katika kitabu, liandikeni kwa heshima. Mtu aliyekata chumba chake kwa pazia na kuishinda kimeta anastahili heshima. Kisha mkumbuke na wale ishirini na wawili wa Sese. Walipanda mitumbwi wakiwa wagonjwa, wakamnyoshea mkono mtu waliyemwamini, na sehemu ya elimu tunayoitumia leo ililipiwa kwa macho yao.

Siku mtakapovaa koti jeupe na mgonjwa kutoka Mtowisa au Kala akawanyoshea mkono, mwelezeni kwanza dawa hiyo inaweza kumfanyia nini, jema na baya. Akishaichomwa, mwulizeni kesho yake anaonaje.